Usibebe kila kitu: Faili za kuacha nje unapofanya bekapu ya kompyuta yako

Nenda kwa fundi yeyote wa kompyuta, iwe ni Likoni karibu na feri, Bombolulu ama Magongo. Mpe laptopu iliyokwama, mwambie unataka ipigwe Windows upya. Kabla hajagusa kitu atakuuliza swali moja tu: "Kuna kitu cha maana humu?"

Hapo ndipo wengi wetu huganda. Kuna wale husema, "Hapana, piga tu," halafu baada ya siku mbili wanarudi mbio wakiulizia picha za marehemu nyanya. Na kuna wale husema, "Kila kitu ni cha maana." Fundi anaangalia diski ya gigabaiti 500 iliyojaa mpaka pomoni, anaangalia flashi ya gigabaiti 32 uliyomletea, anacheka.

Wote wawili hawajajibu swali. Na swali lenyewe ndilo msingi wa mambo haya yote ya bekapu, au nakala rudufu kama wanavyoandika wenye Kiswahili chao kilichonyooka. Kazi si kubeba kila kitu. Kazi ni kujua nini waweza kuacha nje bila kujuta, na nini ukikiacha umekwisha.

Mwaka huu wengi tutajikuta mbele ya fundi tupende tusipende. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na zile laptopu za mitumba tunazotumia huku, nyingi ni za zamani na hazikidhi masharti ya Windows 11. Kwa hivyo kuna kupiga upya, kuna kuhamia mashine nyingine, kuna kubadilisha diski. Kila moja ya hizo ni nafasi ya kupoteza kitu.

Mbona nisibebe zote tu?

Twende na hesabu. Tuseme una gigabaiti 100 na unataka kuzipandisha mtandaoni. Kama laini yako ya waifai inapandisha megabiti 10 kwa sekunde, na hiyo ni laini yenye heshima, kazi hiyo itachukua kama saa 22 mfululizo. Sasa niambie, ni lini mara ya mwisho mtaani kwenu stima na intaneti zilikaa saa 22 bila kukatika hata mara moja? Ukitumia bando la simu ndiyo usiseme kabisa.

Halafu kuna nafasi yenyewe. Google inakupa gigabaiti 15 za bure, na hizo zinagawanywa kati ya barua pepe, Drive na picha. Zamani picha zilikuwa hazihesabiwi, lakini mchezo huo uliisha tarehe 1 Juni 2021. Vidio ya 4K kwenye iPhone hula kama megabaiti 170 kwa dakika moja ukirekodi kwa fremu 30. Saa moja ya sherehe, gigabaiti kumi zimeenda.

Lakini sababu kubwa kuliko zote si pesa wala bando. Bekapu ikiwa nzito, haifanyiki. Wiki ya kwanza utaifanya kwa moto. Wiki ya pili utasema kesho. Mwezi wa tatu ile diski ya nje iko chini ya godoro na wewe umesahau hata waya wake uko wapi. Bekapu ndogo unayoifanya kila Jumamosi ina faida kuliko bekapu kubwa uliyoifanya mara moja mwaka juzi.

Swali la kujiuliza ni moja

Chukua kila folda, iulize: "Nikikupoteza leo usiku, nitakupata wapi tena?" Majibu ni matatu tu.

La kwanza: nitaipakua tena. Hiyo iache nje. La pili: kompyuta itaitengeneza yenyewe. Hiyo pia iache nje. La tatu: hakuna pahali. Hiyo ndiyo unayobeba, hata kama ni faili ya kilobaiti mbili.

Angalia kwamba sijasema ukubwa. Watu wengi huanza kwa kuangalia faili gani ni kubwa ndiyo waiache. Ukubwa hauna maana yoyote hapa. Muvi ya gigabaiti nne utaipata tena kwa jamaa wa kuuza muvi. Barua uliyomwandikia mzee kuhusu shamba la kule Kwale, kurasa mbili tu, hakuna duka linaloiuza.

Za kuacha bila huruma

Kwenye Windows, folda ya Windows yenyewe na ile ya Program Files hazina haja ya kubebwa. Programu hazihami kwa kunakiliwa folda, zinawekwa upya. Badala yake andika kwenye karatasi orodha ya programu unazotumia, pamoja na namba za leseni kama ulinunua. Karatasi hiyo moja inachukua nafasi ya makumi ya gigabaiti.

Kuna faili zinazojificha kama pagefile.sys na hiberfil.sys. Hizi ni daftari la kazi la kompyuta. Ya kwanza inasaidia memori ikizidiwa, ya pili inahifadhi hali ya mashine ikilala. Zaweza kula gigabaiti kadhaa na hazina kitu chako hata kimoja. Folda za Temp, taka zilizo kwenye Recycle Bin, na folda ya Windows.old inayobaki baada ya kupandisha toleo, zote nje.

Kisha mafaili ya kusakinisha programu, muvi, gemu. Muvi za DJ Afro hazitaisha mjini. Kwa upande wa gemu, kuwa makini kidogo: gemu lenyewe utalipakua tena, lakini pale ulipofika kwenye mchezo huhifadhiwa kwenye folda tofauti, mara nyingi ndani ya Documents ama AppData. Bila hiyo utaanza ligi upya na timu ya daraja la chini.

Kwa wale wa kazi za mkono

Huku bara yetu kuna vijana wengi wanaokula kwa kompyuta. Tuwachukue watatu.

Wa kwanza ni mpiga vidio za harusi, tuseme ni wa Mtopanga. Anatumia Premiere. Programu hiyo hujaza folda inayoitwa Media Cache, na nyingine ya vidio za kuangalizia tu. Zote hizo hujitengeneza upya ukifungua kazi, kwa hivyo ziache. Faili ya mradi ni ndogo sana, lakini usidanganyike: ndani yake hakuna picha hata moja. Ina maelekezo tu, kata hapa, unganisha pale. Ukibeba mradi ukaacha vidio za kamera, umebeba mapishi ukaacha mchele. Vidio za kamera ndizo za jibu la tatu. Bibi harusi hataingia tena ukumbini na kanga za mamake zikitandikwa njiani kwa sababu diski yako imekufa. Zibebe, pamoja na kazi moja iliyokamilika. Zile final, final2 na final ya mwisho kabisa, mbili kati yake zaweza kwenda.

Wa pili ni prodyuza wa Chaani na FL Studio yake. Faili ya wimbo inajua tu sauti zilizotumika ziko wapi, haizibebi zenyewe. Ukiifungua kwenye mashine nyingine, ngoma inakosa ngoma. Kuna njia ya kutoa kazi inayoitwa Zipped loop package, inafunga wimbo na sauti zake pamoja. Tumia hiyo kwa kila wimbo uliokamilika. Maktaba kubwa za sauti ulizopakua kwenye mitandao waweza kuziacha, lakini sauti ulizorekodi mwenyewe, zile vokali za chipukizi mliyerekodi chini ya blanketi ili kelele za matatu zisiingie, hizo ni dhahabu.

Wa tatu ni yule wa kuandika programu. Folda ya node_modules yaweza kuwa na maelfu ya faili, na inajazwa upya kwa amri moja mradi package.json ipo. Iache. Lakini hapa pana mtego wa kiungwana. Wengi husema, "Kazi yangu iko GitHub, sina wasiwasi." Faili ya .env, yenye nywila na funguo za mfumo, kwa kawaida haipandishwi GitHub, na ni sawa isipandishwe. Maana yake ni kwamba kwenye laptopu yako ndiko iliko peke yake. Tafuta pahali salama pa kuiweka.

Mitego ya kuacha kwa haraka

Kuacha faili nje ni kama kukata nywele. Ukipitiliza hakuna kurudisha.

Downloads ndiyo folda ya kwanza watu huitupa, wakisema ni takataka za mtandao. Fungua uangalie. Kuna barua ya kuitwa chuo, risiti za karo, cheti ulichotumiwa kwa barua pepe ambayo nywila yake ulisahau 2022. Nyingi kati ya hizo hazipatikani tena kirahisi. Pitia kwanza, hamisha za maana hadi Documents, ndiyo uiache Downloads nje.

AppData nayo imefichwa, na wengi hawajui kama iko. Sehemu kubwa ni taka za programu. Lakini ndani yake pia kuna alamisho za kivinjari, barua pepe za wanaotumia Thunderbird, na mipangilio uliyoihangaikia miezi. Usiiache yote wala usiibebe yote. Ingia, chukua folda za programu unazozijua.

Desktop ni kinyume chake. Tunarundika kila kitu pale juu mbele ya macho, halafu tukiulizwa na fundi tunataja Documents tu. Na kama mashine inatumiwa na watu wawili, kumbuka kila mtumiaji ana Desktop yake. Dada yako akitumia akaunti yake na bekapu yako ikabeba ya kwako pekee, kazi zake za shule hazimo.

Kama wewe ni mfanyabiashara, hata kibanda cha kuuza vifaa vya simu, rekodi za mauzo na risiti usiziache. Sheria ya Taratibu za Kodi ya 2015 inataka uhifadhi kumbukumbu zako za kodi kwa miaka mitano. KRA hawatakuelewa ukiwaambia diski ililiwa na chumvi ya bahari. Cheti cha PIN chenyewe usihangaike nacho, hicho utakitoa tena iTax.

Faili ambazo si zako

Hapa nataka kuongea na ndugu zangu wa saiba.

Kila siku watu wanaingia kuskani kitambulisho, kuomba kazi, kujaza fomu za HELB, kutoa cheti cha tabia njema. Mteja analipa, anaondoka. Kitambulisho chake kinabaki kwenye Desktop ya mashine namba tatu, kikiitwa scan0047. Mwisho wa mwezi mwenye saiba anafanya bekapu ya mashine zote, na sasa kitambulisho cha mama wa watu kiko kwenye diski mbili.

Faili hiyo ukipima kwa lile swali letu, jibu litakuwa "hakuna pahali nitaipata tena," na utataka kuibeba. Lakini kuna swali jingine linalotangulia: ni yako? Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inasema taarifa za mtu zisiwekwe kwa muda mrefu kuliko haja iliyozileta. Haja ilikuwa kuskani na kutuma. Imeisha. Ofisi ya Kamishna wa Data ina uwezo wa kutoza faini inayoweza kufika Sh5 milioni, lakini hata tusiongee faini. Tunajua watu huku wamesajiliwa laini za simu na mikopo wasiyoijua. Nakala ya kitambulisho ni mali.

Kwa hivyo faili za wateja zisiwe kwenye orodha ya kuacha nje ya bekapu peke yake, zifutwe kabisa kila jioni kabla ya kufunga. Weka folda moja inayoitwa Wateja kwenye kila mashine, kila skani iingie humo, bekapu isiiguse, na saa ya kufunga isafishwe pamoja na Recycle Bin. Ni kazi ya dakika mbili.

Simu nayo ina folda

Wengi wetu kompyuta ni ya kuazima, simu ndiyo yetu. WhatsApp kwenye Android huhifadhi bekapu yake kwenye akaunti ya Google, na tangu 2024 inahesabiwa ndani ya zile gigabaiti 15. Ndiyo maana ghafla unaambiwa nafasi imejaa na barua pepe haziingii. Kwenye mipangilio ya bekapu kuna pahali pa kuchagua kama vidio ziingie ama zisiingie. Zitoe. Vidio za kuamkiana "asubuhi njema" zenye maua na vikombe vya chai hazina haja ya kulindwa na kampuni ya Marekani. Lakini kabla ya kuzitoa, zile chache za maana, mtoto akichukua hatua ya kwanza, sauti ya babu akisimulia, zihamishe kwanza kwa mkono hadi kwenye kompyuta au diski.

Drive si bekapu

Kuna kitu watu wanachanganya. Folda inayojilinganisha na mtandao, kama Drive ama OneDrive, ukifuta faili kwenye laptopu inafutika na kule. Inakaa kwenye taka kwa muda, kwa Drive ni siku 30, halafu inaenda jumla. Hiyo ni kioo tu, kinaonyesha ulichonacho sasa. Bekapu hukumbuka ulichokuwa nacho jana.

Mpiga picha Mmarekani Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni ambayo mafundi wengi huitaja: nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, na moja iwe nje ya nyumba. Kwa mtu wa Kisauni, "nje ya nyumba" yaweza kuwa diski kwa shangazi kule Likoni. Tena ina faida, manake mtandao nao si wa kutegemea moja kwa moja. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika kule karibu na Afrika Kusini, na sisi huku Mombasa, ambako nyaya hizo zinatia nanga, tukakaa tukiangalia duara likizunguka.

Hii hatukuianza sisi. Mashairi ya Muyaka bin Haji, malenga wa Mombasa aliyefariki karibu 1840, tunayo leo kwa sababu Mwalimu Sikujua aliyakusanya kwa watu waliokuwa wakiyakumbuka, na Mwingereza William Taylor akayanakili mwishoni mwa karne ya 19. Kitabu kilitoka 1940, miaka mia baada ya mwenyewe kufariki. Yaliyonakiliwa tunayasoma. Yale ambayo hakuna aliyeyanakili, hata kujua kama yalikuwepo hatujui. Hiyo ndiyo hasara ya kuacha kitu nje kimakosa: haipigi kelele.

Namna ya kuanza

Windows ina kitu kinaitwa File History, na ndani yake kuna pahali pa kutaja folda za kuacha. Mac ina Time Machine, nenda kwenye Options utakuta orodha kama hiyo. Kuna pia FreeFileSync, ni ya bure, ina kichujio cha kuandika majina ya folda usizotaka. Chochote utakachotumia, anza na orodha fupi ya kuacha: taka, muvi, programu, faili za muda. Usiongeze folda kwenye orodha hiyo kama hujaifungua na kuiangalia kwa macho yako. Ukiwa na shaka, ibebe, utaiacha mwezi ujao.

Ukimaliza, chomoa diski. Diski inayokaa imechomekwa siku zote, virusi vikiingia vinakula vyote viwili. Ihifadhi pakavu pia, kwenye mkebe unaofunga vizuri. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, na chuma hakipendi hivyo.

Kisha fanya kitu ambacho karibu hakuna anayekifanya: jaribu kurudisha. Mwaka 1998 kampuni ya Pixar ilifuta kwa amri moja sehemu kubwa ya filamu ya Toy Story 2. Walipokimbilia bekapu wakakuta haifai. Filamu iliokolewa na nakala iliyokuwa nyumbani kwa Galyn Susman, mfanyakazi aliyekuwa akifanyia kazi nyumbani kwa sababu alikuwa amejifungua. Kama wao na mamilioni yao yaliwapata, mimi na wewe ni nani?

Chagua faili tano za lile jibu la tatu. Peleka diski yako kwenye kompyuta ya rafiki, zitafute humo, zifungue mojamoja. Picha ionekane, wimbo ulie, mradi ufunguke na vidio zake. Ikikosekana hata moja, rudi kwenye orodha yako ya kuacha, jina la folda yake utalikuta pale.